Joho Moja, Wavamizi Watatu

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana hata aliyenisimulia sikumwuliza, palikuwa na mji uitwao Kivumoni. Watu wa Kivumoni walikuwa na mchezo wao. Waliachiwa na Mmarekani mmoja aliyepita njia, akawapa mpira wenye umbo la papai, akawafundisha nusu ya sheria, akaenda zake. Nusu iliyobaki wakajitungia wenyewe.

Sikilizeni unavyochezwa, msije mkanikatiza baadaye. Upande mmoja una mrushaji. Mrushaji anasimama nyuma ya ukuta wa wanaume walioshiba, anatafuta mwenzake huko mbele amrushie mpira; ukidakwa, upande wake unapata pointi. Upande wa pili una wavamizi. Kazi ya wavamizi ni kuuvunja ule ukuta na kumwangusha mrushaji kabla mpira haujamtoka mkononi. Basi, ni hivyo tu. Akiangushwa mnapiga vigelegele, asipoangushwa mnarudi nyumbani mmenuna.

Wavamizi wa Kivumoni walikuwa watatu. Katikati alikuwa Mbaruku, kifua kipana, maneno machache. Kulia alikuwa Chande, mdogo wake Mbaruku, baba mmoja mama mmoja, miguu myepesi na cheko karibu. Kushoto alikuwa Kirobo, yatima aliyelelewa na mama yao. Alikula nao, akalala nao, ila hakusahau hata siku moja kwamba ile si nyumba ya baba yake.

Mpango wao ulikuwa ule ule kila mechi, na aliyeupanga ni Mbaruku mwenyewe. Yeye anaingia katikati ya ukuta na kubeba wanaume wawili peke yake. Kirobo anafunga njia ya kushoto ili mrushaji asitoroke. Chande, aliyeachiwa nafasi, anazunguka kulia na kumwangusha.

Wakacheza na watu wa Bondeni. Mbaruku akabeba wawili, Kirobo akafunga kushoto, Chande akaangusha. Mji ukaimba: Chande!

Wakacheza na watu wa Chumvini. Mbaruku akabeba wawili, akavunjika kidole. Kirobo akafunga kushoto, Chande akaangusha. Mji ukaimba: Chande!

Wakacheza na watu wa Migombani. Mbaruku akabeba wawili mpaka akatapika, Kirobo akafunga kushoto, Chande akaangusha. Mji ukaimba nani? Mnajua wenyewe.

Baada ya kila ushindi, mkuu wa mji, Mwana Mize, aliwapelekea sinia moja la pilau. Wakainama watatu, wakala. Pale kwenye sinia Mbaruku hakuwa na neno, maana mkono wake uliingia sawa na mikono mingine.

Kilichomuuma kilikuwa kingine. Kivumoni, kama huku kwetu, mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Tangu Mbaruku azaliwe, mama yake aliitwa Mama Mbaruku, sokoni, kisimani, harusini na msibani. Msimu ule watu wakaanza kumwita Mama Chande. Walianza wauza samaki, kwa utani. Wakafuata majirani. Kisha siku moja Mbaruku yuko ndani anakipaka dawa kile kidole, akasikia mtu mlangoni: “Hodi, Mama Chande!”

Na mama akaitika: “Karibu!”

Akaitika, jamani! Wala hakusita. Wivu ukamshika Mbaruku, tena wivu mbaya, ule wa kumtazama mtu anakula ukatamani akwamwe na mfupa. Alijua ni dhambi. Alijua Chande hakuomba jina lile. Lakini Chande pia hakuwahi kusimama mbele ya watu akasema, “Kaka yangu ndiye aliyebeba wawili.” Angesema hivyo mara moja tu, Mbaruku angepata usingizi.

Ikafika fainali. Kivumoni wacheze na Mchangawe, na mrushaji wa Mchangawe alikuwa Sengwaji, kijana mtulivu ambaye hajawahi kuonekana akikimbia bila sababu. Mwana Mize, kwa furaha aliyokuwa nayo, akaita watu uani kwake, akatoa joho jeusi lililotariziwa nyuzi za dhahabu.

“Wanangu, pilau mmekula ya kutosha,” akasema. “Safari hii atakayemwangusha Sengwaji atavaa joho hili, na ataketi kando yangu katika kila sherehe mpaka azeeke. Tukishindwa, joho linakwenda Mchangawe, na sisi wenyewe ndio tutakaolipeleka.”

Watu wakashangilia. Mbaruku akalitazama joho. Pilau inagawanyika, joho je? Akageuza macho akamwona Chande naye analitazama, anatabasamu, kama mtu aliyekwisha kupimwa na fundi. Kirobo alikuwa ameangalia chini.

“Lile langu,” Mbaruku akajiambia. “Nikilivaa lile, nani atathubutu kumwita mama kwa jina jingine?”

Basi fainali ikaanza, na tangu mwanzo mambo hayakwenda. Wale wale walioangusha kila mrushaji msimu mzima, leo wanafika wakati mpira umeshaondoka. Mbaruku anabeba wawili lakini jicho moja liko kwa Chande. Chande anazunguka lakini anazunguka mapema mno, asije akatanguliwa. Sengwaji anatazama, anarusha, anatazama, anarusha. Hata vumbi halimgusi.

Lakini wenzao wa Kivumoni, wale wa kurusha na kudaka, walicheza kufa na kupona, na jua likielekea kuzama walikuwa mbele kwa pointi chache. Mchangawe wakabakiwa na mrusho mmoja. Sengwaji akiangushwa, kwisha maneno, Kivumoni ndio mabingwa.

Mbaruku akawakusanya wenzake.

“Kama kawaida,” akasema. “Mimi nabeba wawili. Kirobo, funga kushoto. Chande, zunguka kulia, usikate ndani hata iweje.”

“Sawa, kaka,” akasema Chande.

“Sawa, kaka,” akasema Kirobo.

Mtaniuliza kama Mbaruku alikuwa anawadanganya. Mimi naambiwa mpaka anainama mahali pake alikuwa bado hajajijua mwenyewe.

Mpira ukaanza. Wanaume wawili wakamjia, akawapokea kifuani kama siku zote. Mara akasikia upande wa wanawake wimbo umeanza, kabla hata ya kitu kutokea: Chande! Chande! Na katikati ya sauti zile akaitambua sauti ya mama yake. Mbaruku akapinda bega, akapenya katikati ya wale wawili, akawaacha hapo hapo. Kwa mara ya kwanza msimu ule alikuwa anakimbia mikono mitupu, na mbele yake ni Sengwaji.

Wale wawili walioachwa hawakukaa bure. Mmoja akageuka kumfuata Chande. Chande akamwona mwanamume anamjia, na papo hapo akamwona kaka yake yuko huru, anakwenda kulichukua joho. Hakuzunguka tena. Akakata ndani. Upande wa kulia ukabaki mtupu.

Na Kirobo? Hapa ndipo mnyamaze. Kirobo, ambaye hakuna aliyekuwa anamtazama, alikuwa amekwisha kufika. Ameishika jezi ya Sengwaji kwa mikono miwili, bado kuvuta tu. Akainua macho. Akawaona ndugu wawili wanakuja, macho mekundu, na hawakuwa wakimtazama Sengwaji hata kidogo. Walikuwa wakitazamana wao kwa wao.

Kirobo akaachia.

Sengwaji akatokea kulia, kule kusiko na mtu. Ndugu wawili wakagongana vichwa. Mpira ukapaa, ukadakwa, na watu wa Mchangawe wakajaa uwanjani wakicheza ngoma yao.

Kesho yake asubuhi Mwana Mize akawaita uani. Joho limekunjwa juu ya mkeka. Mji mzima umekuja, na mama yao amesimama mbele.

“Mmoja wenu atalibeba hili kichwani mpaka Mchangawe,” akasema Mwana Mize. “Atamvika Sengwaji mbele ya watu wao. Atazomewa, na aibu itakuwa yake, sisi wengine tutapumzika. Alibebe aliyetuponza. Haya, semeni.”

“Si mimi, Mwana,” akasema Chande. “Kaka ndiye aliyewaachia watu wake, na mmoja wao akanijia mimi. Ningekaa nje nipondwe? Yeye ndiye aliyepanga, yeye ndiye aliyepangua.”

“Si mimi, Mwana,” akasema Mbaruku. “Nimebeba wawili msimu mzima, siku moja tu nimetaka kushika cha kwangu. Tena nilikuwa nimekaribia. Chande angekaa mahali pake, Sengwaji angekosa pa kutokea. Alikata ndani kwa sababu ya joho, hakukata kwa sababu ya kupondwa.”

Kirobo akakohoa. “Mimi nilimshika,” akasema.

Ua mzima ukamgeukia.

“Nilimshika, nikamwachia. Niliwaona hawa wanakuja. Nikafikiri, nikimwangusha mimi, nikilivaa mimi, jioni nitakula nyumba gani? Sina kwetu pengine. Nikaona bora achukue mmoja wa wenye nyumba.”

“Ulimwachia?” Chande akapiga kelele. “Ulikuwa naye mkononi ukamwachia?”

Mbaruku akamtazama Kirobo. Mtastaajabu nikiwaambia alichokuwa nacho moyoni. Alikuwa anamwonea wivu Kirobo. Kitu alichokililia msimu mzima, mwenzake alikishika kwa mikono miwili na akaweza kukiachia. Pale ndipo uchungu wote ukamtoka.

“Mama, na wewe!” akasema. “Wanakuita Mama Chande nawe unaitika!”

Mama akamgeukia. “Mtu akibisha mlangoni nimwache nje? Niliitika. Na nilifurahi, sitasema uongo, mtoto wangu akisifiwa nafurahi. Wewe ulikuja lini ukaniambia limekuuma? Ulikuwa unanuna tu, mimi nikadhani kidole.” Kisha akamgeukia mkuu wa mji. “Nawe Mwana, samahani, lakini hawa walikula sinia moja msimu mzima bila ugomvi. Nani aliyewaletea nguo ya mtu mmoja?”

Watu wakaguna. Mwana Mize akalitazama joho.

“Nililileta mimi,” akasema. “Nilidhani mtu akipenda kitu zaidi atakimbia zaidi. Na kweli mlikimbia. Lakini mimi sikuwepo kwenye ukuta, na mji hauwezi kumpeleka mkuu wake akazomewe. Joho lazima liende leo.”

Hakuna aliyesogea. Jana kila mmoja alilitaka, leo halina mwenyewe. Kirobo akasema, “Nipeni mimi,” lakini akasema taratibu kama kawaida yake, na hakuna aliyemsikia.

Ndipo Chande akainama, akalishika joho. “Acheni,” akasema. “Nitalibeba mimi. Nilikata ndani, kweli. Na kaka yangu alibeba wawili msimu mzima, nami sikuwahi kulisema.”

Eti sasa ndipo analisema! Wanawake wakapangusa machozi. Wazee wakatikisa vichwa. “Muungwana huyo,” wakaambiana. “Mwanamume ni huyo, si mwingine!”

Mbaruku akayasikia. Maneno ya mdogo wake ndiyo aliyoyangoja siku zote, na yamekuja, na bado sifa zimekwenda kule kule. Wivu ukampanda upya, mbichi kabisa, wa kumwonea mtu hata aibu yake. Akaruka, akalikamata joho upande wa pili.

“Nilianza mimi!” akafoka. “Liache, ni langu!”

“Nimeshalichukua, kaka.”

“Liache!”

Wakalivuta, huyu huku, huyu kule, mbele ya mama yao, nyuzi za dhahabu zikaanza kukatika moja moja.

Mimi nimefika hapo. Nyinyi mlioketi hapa mkichekacheka, amueni upesi kabla halijachanika. Na msiniambie “wote”, joho lina mabega mawili tu. Yuko aliyeacha kazi yake kwa sababu hakuna aliyeiona. Yuko aliyeacha nafasi yake kwa sababu alikwisha kuzoea kuonekana. Yuko aliyekuwa na ushindi mkononi akauachia kwa kuogopa wenzake. Na yuko aliyeleta nguo moja kwa watu watatu, sasa ameketi anatazama. Je, nani alistahili kulibeba joho?