Uzio wa Luhende

Mtu mmoja alikuwa na ng'ombe arobaini na ngitili moja, yaani eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga msimu wote wa mvua ili mifugo ipate cha kula kiangazi. Jina lake Luhende. Mvua zilipopungua akawa anaifungua mapema, kila mwaka mapema zaidi, mpaka ikabaki ngitili ya jina tu.

Akaja mtafiti wa nyasi na miti ya nchi kame, mwanamke kijana aitwaye Nyamizi. Aliomba kipande kidogo katikati, hatua thelathini kwa thelathini, akakizungushia uzio wa miiba. Kila mwaka alirudi, akapiga magoti, akahesabu majani aina kwa aina. Mwaka wa nne akamwambia Luhende kwamba nje ya uzio zimebaki aina mbili za nyasi, ndani zimerudi tisa. Akamsihi akitunze kipande kile, maana mbegu za kuponya ngitili nzima zingetoka humo. Luhende akakubali. Majirani wakamcheka kwamba wenzake wanafuga ng'ombe, yeye anafuga majani. Akavumilia. Lakini kuvumilia kicheko si kazi. Kazi ilikuwa bado.

Ukaja ukame. Ng'ombe wakaanza kuanguka. Luhende alikuwa na jike mmoja mwekundu, aliyetokana na mahari ya dada yake, na huyo ndiye aliyeongoza kundi kwenda majini na kurudi. Alipomwona anatembea kwa kuyumba, moyo ulimuuma. Hata mimi ungeniuma, sitawadanganya. Akaondoa tita moja tu la miiba, amwingize huyo mmoja tu, ale kidogo tu. Jamani! Mchungaji tangu utotoni, amesahau kwamba anapopita kiongozi, kundi zima hupita? Kabla jua halijafika utosini wote walikuwa ndani, wanang'oa mpaka mashina. Walishiba siku hiyo moja. Yule mwekundu alikufa siku ya tisa.

Kisha mvua ikaja. Ikaja kweli, ya kujaza mito. Luhende, na ng'ombe sita waliobaki, akangoja kijani wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji yalipita juu ya udongo mgumu yakaenda zake, na kilichochipua ni vichaka vya miiba. Nyamizi aliporudi na daftari lake alimkuta amesimama ndani ya kile kipande, mtu mzima, analia. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Luhende akamuuliza kwa nini mvua imekuja na nyasi haziji.

"Mvua imeita, baba," Nyamizi akajibu, "lakini hakuna aliyebaki wa kuitika."

Akalifunga daftari bila kuandika kitu.

Naona nyuso zenu, mnamlaumu Luhende. Haya, mlaumuni, hatawasikia, alishahama na ngitili ile haina mtu. Lakini ninyi kila mkikutana humu ibadani mnaomba neema inyeshe, na mkitoka kila mmoja anaondoa tita lake moja la miiba, kwa ajili ya kitu kimoja tu akipendacho. Basi siku hiyo neema ikinyesha, ndani yako kutakuwa kumebaki nini cha kuitika?