Nguchiro na Mbiu ya Bwawa la Mikindu

Ngo.

Mlio mmoja tu usiku wa manane, kisha kimya. Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na milango ya kubisha na mashuka ya kutandika, kazi ya Nguchiro ilianza hivyo kila mara: ngo, mlangoni pa zahanati ya Bwawa la Mikindu, bila hodi na bila jina.

Nguchiro akafungua. Alikuwa Mama Nyumbu, na mgongoni kambeba mwanawe anayechemka kwa homa kama chungu jikoni.

"We msaidizi," Mama Nyumbu akasema, akichungulia juu ya kichwa cha Nguchiro, "Daktari yupo?"

"Hayupo. Yuko mkutanoni."

"Ah. Basi jaribujaribu wewe, hivyo hivyo."

Nguchiro hakujaribu. Alitibu. Alimkanda mtoto kwa kitambaa cha maji, akautafuta mshipa, akatundika dripu, ti, ti, ti, mpaka mtoto akafumba macho na kulala usingizi wa kweli. Kulipokucha Mama Nyumbu alipita mtaa mzima akisema, "Daktari Tembo kaniponyea mwanangu. Mungu ampe umri mrefu."

Daktari Tembo alikuwa bado yuko mkutanoni.

Msidhani Nguchiro aliokotwa njiani akapewa sindano. Alivuka mto akaenda kusoma kwa Kobe. Alisoma mifupa kwa majina yake, homa kwa tabia zake, dawa kwa vipimo vyake. Alipohitimu, Kobe alimvisha ushanga mweupe shingoni na kumpa jina la kazi yake, iliyo kati ya udaktari na uuguzi, mbele ya watu. Jina lile mtalisikia, lakini subirini kama alivyosubiri yeye. Pale bwawani kila mtu alilijua na hakuna aliyelitamka. Walimwita "msaidizi". Walimwita "yule mdogo". Wengine walipiga mluzi tu.

Asubuhi ile ile, mbiu ikalia. Puuu! Puuu!

Hondohondo, mpiga mbiu, alikuwa juu ya mkindu, mdomo wake mkubwa ukielekea jua.

"Nafasi ya kazi," akatangaza. "Baraza la Mzee Kiboko linatafuta mkubwa wa zahanati, maana Daktari Tembo ana mikutano mingi. Ajue kutibu homa. Ajue kushona jeraha. Ajue kuzalisha, ajue kuunga mfupa. Akubali kuamshwa usiku. Awe Daktari, au awe Muuguzi. Asiye mmoja wa hao asijisumbue. Na kama anakaa katika nyumba ya zahanati, aihame mwezi ukiandama."

Nguchiro alisikiliza, sindano ikiwa mkononi. Homa ilitibiwa na nani? Jeraha lilishonwa na nani? Nani aliamshwa, nani alizalisha, nani aliunga mfupa wa paja la Punda mpaka Punda akarudi kucheza ngoma? Kazi yake yote ilikuwamo katika tangazo lile. Mwenyewe tu ndiye hakuwamo.

Akashuka mpaka bwawani. Mzee Kiboko alikuwa majini, pua na masikio tu ndivyo vilivyoonekana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kuomba kazi."

"Kazi ipi?"

"Hii ninayoifanya."

Kiboko akapuliza maji, fuuu. "Unaifanya vizuri, sina lawama. Hata mke wangu ulimzalisha wewe."

"Mtoto alitanguliza miguu."

"Alitanguliza miguu, naam. Sasa niambie, wewe ni Daktari?"

"Hapana."

"Ni Muuguzi?"

"Hapana. Wauguzi nawaheshimu, nao wana kazi yao. Mimi ninalo jina langu, nililopewa na Kobe, na Mzee unalijua."

"Nalijua. Lakini halimo kwenye mbiu."

"Litieni."

"Mbiu ikishalia haiongezwi neno wala haipunguzwi. Ndiyo sheria ya bwawa, na aliyeitunga ni mimi." Kiboko alitoa kichwa chote majini ili aseme vizuri, maana hakuna kitu alichokipenda kama sheria zake. "Na mtu akiitikia 'ndimi' mbele ya watu, keshafungwa na ulimi wake. Nafasi anayo. Atamtaja mkubwa wake kwa jina na kwa kazi yake, kila mtu asikie. Akikataa, hakanyagi maji haya mpaka mvua nyingine."

"Sheria nzuri," Nguchiro akasema polepole.

"Nzuri sana. Wala usihuzunike, binti. Mkubwa akipatikana utabaki naye. Utamwonyesha dawa zilipo."

Hapo hasira ikampanda Nguchiro, kali kama pilipili. Amwonyeshe dawa zilipo. Amfundishe mgeni kazi, amfutie kiti, amshikie mlango, kisha akalale jikoni. Aliaga kwa adabu, akaondoka na mkia umesimama wima kama ufagio.

Alikwenda moja kwa moja kwa Hondohondo. Mke wa Hondohondo alikuwa anaatamia, na kama ilivyo desturi yao, alikuwa amejifungia katika tundu la mti na kuliziba kwa udongo, akabakiza ufa wa kupitishia chakula.

"Kaka," Nguchiro akauliza, "mbiu ile ni ya Kiboko?"

"Mbiu ni ya bwawa, dada. Yeyote mwenye nafasi nyumbani kwake huja, nami nikampigia. Kwani vipi?"

"Mimi ninayo nafasi. Nataka uitangaze sifa kwa sifa, na jina la nafasi ulitaje mwisho kabisa."

Hondohondo akakuna shingo. "Mzee Kiboko atanikasirikia."

Sauti ikatoka ndani ya mti. "Mpigie, baba watoto. Mwaka jana homa iliponishika humu ndani, nani alinipitishia dawa kwenye ufa huu? Tembo angepitisha nini hapa? Mkonga?"

Hondohondo akaishika mbiu.

Mwezi ukakaribia kuandama, na waombaji wa nafasi ya Kiboko wakaitwa. Alikuja mmoja tu, Daktari Twiga kutoka mjini. Alitazama kitanda cha wagonjwa, akatazama mbu, akauliza soko liko umbali gani. Alipojibiwa, alisema anakwenda kunywa maji. Hakurudi.

Watu walikuwa bado wanamtazama akitokomea, mbiu ikalia tena. Puuu! Puuu!

"Nafasi nyingine," Hondohondo akasema. "Nafasi nono, ya hapa hapa zahanati. Anayeiona inamfaa asogee mbele, aitikie kila sifa. Ya kwanza: awe mkubwa wa umbo, mwenye kujaa kiti."

"Ndimi," akasema Daktari Tembo, ambaye siku hiyo mkutano wake ulikuwa umeahirishwa.

"Na mimi ndimi," Kiboko akasema, akitoka majini kwa kishindo, maji yakimchuruzika. "Kujaa kiti nani anaweza kunishinda?"

"Akae kivulini, aletewe matikiti kila asubuhi."

"Ndimi," wakasema wote wawili.

"Asiamke usiku mtu akigonga."

"Ndimi. Mimi nikilala hata radi hainiamshi," Tembo akasema.

"Radi ni nini?" Kiboko akadakia. "Mimi mke wangu alijifungua nimelala."

Watu wakaanza kutazamana. Mama Nyumbu alimvuta mwanawe karibu.

"Asiguse usaha wala damu."

"Ndimi."

"Apokee shukrani za wagonjwa asiowaona."

Tembo akasita. Masikio yake yalipiga mara moja, pwa, kama mtu aliyekumbuka kitu. Lakini Kiboko alikuwa keshajibu kwa sauti nene, naye Tembo hakutaka kushindwa. "Ndimi," akasema, ila chini chini.

"Sifa zimekwisha," Hondohondo akasema. "Walioitikia zote wamepata. Nafasi yenyewe ni ya msaidizi wa zahanati."

Kicheko kikaanzia kwa Punda, kikazunguka bwawa zima, kwa kwa kwa.

"Msaidizi?" Kiboko akanguruma. "Nani msaidizi? Mimi ni mwenyekiti wa baraza."

Nguchiro akajitokeza kati ya miguu ya watu, ushanga wake mweupe ukiwaka juani.

"Shikamoo, Mzee. Kazi mliyoitikia ndiyo hiyo. Anayeamka, anayeshona, anayezalisha, huyo mnamwita msaidizi mwaka wa ngapi sasa? Basi anayelala na kushukuriwa nimwite nani?"

"Huu ni ulaghai. Mbiu irekebishwe."

"Mbiu ikishalia haiongezwi neno wala haipunguzwi."

"Binti, unajua unazungumza na nani?"

"Na aliyeitunga sheria."

Mama Nyumbu akasogea mbele, macho chini. "Mimi nilimpita huyu mlangoni nikamtafuta mkubwa," akasema. "Mwanangu angekufa nikiwa namtafuta. Kisha nikaenda kumshukuru mwingine."

"Yamebaki maneno mawili tu," Nguchiro akasema kwa hasira. "Mtajeni mkubwa wenu, kwa jina na kwa kazi yake. Mkimtaja, zahanati ina mwenyewe na sihami. Msipomtaja, maji haya muyaage."

Kiboko akaangalia bwawa. Jua lilikuwa utosini, na ngozi yake ilianza kukauka na kuvuta kama ngozi ya ngoma. Tembo angeweza kutembea mpaka bwawa jingine. Kiboko asingefika hata nusu ya njia.

"Sema wewe, Daktari," akanong'ona. "Wewe ndiye mwenye elimu."

Tembo alitikisa kichwa. "Mimi nitamtaja, Mzee, na nilipaswa kumtaja zamani. Nilizipokea shukrani zake nikanyamaza. Lakini aliyelinyima jina hilo nafasi kwenye mbiu ni wewe. Anza."

Jina lilikuwa dogo, na lilimkwama Kiboko kama mfupa. Alimtazama yule mdogo aliyesimama mbele yake bila kupepesa, mikono iliyompokea mwanawe akitanguliza miguu, na watu wote wa bwawa wakingoja. Na funzo, wanangu, ni hili hapa: anayeifanya kazi aitwe kwa jina la kazi yake.

"Mkubwa wetu," Kiboko akasema, kwanza kwa kukwaruza, kisha kwa sauti iliyovuka maji mpaka ng'ambo, "ni Tabibu. Tabibu Nguchiro."