Kwa Nini Mjumbe Hutanguliza Idadi ya Maneno Yake

Mlio nyuma sogeeni, maana hadithi hii ukiikosa kipande utaondoka na nyingine. Kulikuwa na wakati ambapo watu wa mlimani walitumiana maneno kwa maji.

Kila neno lilikuwa na kijiti chake: cha kutoa, cha kuhifadhi, cha ulezi, cha maharage, na kila mzee alikuwa na chake. Walio juu walivitumbukiza mferejini kimoja kimoja, kila mtu kwa mpangilio wake, vikashuka hadi ghala la mbegu alilolitunza Mkunde. Mfereji ulikuwa mwaminifu. Haukupoteza kijiti wala kukipitisha kimoja mbele ya kingine. Ila maji hayajui ujumbe umeishia wapi, na hakuna aliyewahi kulifikiria hilo.

Asubuhi moja, msimu wa kupanda ukikaribia, vikaja sita vikiongozana: maharage, Kiwia, toa, ulezi, Ndemasi, hifadhi. Kiwia alitaka maharage yake yatolewe, Ndemasi ulezi wake uhifadhiwe. Viwili vya kwanza Mkunde alidhani ni mkia wa ujumbe wa jana. Akasoma vilivyofuata: toa ulezi wa Ndemasi. Akampa mpika pombe aliyekuwa akingoja mlangoni. Kile cha "hifadhi" kikabaki mkononi, akakigeuzageuza asijue ni cha nani.

Ndemasi aliposhuka, ulezi ulikuwa umekwisha kulowekwa.

"Mama, wanangu watapanda nini?"

Mkunde akavipanga tena vile sita chini, kimoja kimoja. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuona amekosea wapi.

Wazee wakakaa. Ndemasi akataka kijiti cheusi kifunge kila ujumbe. Kumbe cheusi kilikuwa pia cha mtama, basi kila aliyetaja mtama ujumbe wake ukakatika katikati. Kiwia akasema waache nafasi kati ya ujumbe na ujumbe. Maji yakakwama kwenye majani, kisha yakaachia vyote kwa mkupuo. Kichwa kikazidi kumzunguka Mkunde.

"Baba zangu," akasema, "niambieni kwanza vinakuja vingapi. Cha mbele kikatwe pengo kwa kila kinachofuata."

"Na mkataji akikosea hesabu?" akauliza Ndemasi. "Si kila kitu baada ya hapo kitaharibika?"

"Tufunge mfereji tuanze upya. Mimi sijui njia nyingine."

Wakabishana hadi jua likapinda. Mwisho wakamwambia uamuzi, pamoja na hatima ya kazi yake, utamfikia kwa maji, kwa mtindo wake huohuo.

Kesho yake kikashuka kijiti chenye mapengo manne. Kisha: Mkunde. Ghala. Ondoka.

Akalia. Akabeba kikapu chake, akafika mlangoni, akasita. Mapengo manne, vijiti vitatu. Akarudi akaketi ukingoni, hajui kama anangoja msamaha au kosa la mkataji. Maji yakapita matupu kwa muda mrefu. Ndipo kikaja cha nne, kijiti cha kukataza: asiondoke.

Na tangu siku hiyo mjumbe kwetu hutanguliza idadi, na hata mashine za leo zinazotumiana habari za maghala yao kwa waya hutaja kwanza urefu wa ujumbe. Akisema ametumwa maneno manne, hata matatu ya mwanzo yawe machungu vipi, hatuinuki mpaka tulisikie la nne.