Mbwa Aliyeitwa kwa Kisogo

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mbwa!

Semeni tena, kwa sauti. Hata mbwa wangu akipiga miayo anasikika kuliko nyinyi. Palikuwa na nini?

Palikuwa na mbwa!

Haya, sogeeni. Mimi nimetembea nchi nyingi, na kila nchi nimekimbizwa na mbwa wake. Nimekimbizwa Kigoma, nimekimbizwa Kitui, na huko Bukoba nilipanda mti ambao mpaka leo sijui nilishukaje. Kwa hiyo nikisimulia habari za mbwa msidhani nabahatisha. Nawajua vizuri, ingawa wengi wao wananijua mimi kwa mgongo tu.

Hapo zamani, zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwajibu, palikuwa na kijiji kando ya mbuga. Watu wa kijiji hicho walikuwa na desturi yao. Mtu akigombana na jirani hakumtukana. Hapana, walikuwa watu wa adabu. Alitafuta mnyama, akampa jina la kumsema yule jirani, kisha akawa anamwita mnyama huyo kutwa nzima.

Ukipita asubuhi ungemsikia bibi mmoja akimwita jogoo wake, "Wivu-Wako, njoo ule." Na nyumba ya pili mwingine akimwita ng'ombe, "Nimekukosea-Nini, rudi nyumbani." Mgeni angedhani watu hawa wanapenda mifugo kupita kiasi. Kumbe walikuwa wakigombana.

Katika kijiji hicho aliishi Lufunga na mkewe Kalunde. Walikuwa na mapacha wachanga, Kulwa na Doto. Maziwa ya mama hayakuwatosha wote wawili. Kilichowalea ni maziwa ya mbuzi wao, mbuzi wa pembe moja. Mbuzi huyo akipotea, mapacha watalala na njaa, na kichanga hawezi kuzoea njaa. Nani kasema mbuzi ni mbuzi tu? Huyu alikuwa mama wa pili.

Jirani yao aliitwa Nkwabi. Kati ya nyumba mbili palikuwa na ua wa minyaa. Siku moja mbuzi wa pembe moja alipenya ua, akala majani ya viazi ya Nkwabi. Nkwabi akaja kulalamika. Lufunga akasema ua wako una matundu. Nkwabi akasema mbuzi wako hana adabu. Wakaachana hapo, kila mmoja amevimba kama chura.

Kesho yake Lufunga akaleta mtoto wa mbwa, akampa jina Mtazoea. Maana yake nini? Maana yake, wewe Nkwabi, majani yataliwa tu na utazoea.

Tangu hapo, kila asubuhi Lufunga alisimama uani, akaelekeza kidevu kwa Nkwabi, akaita, "Mtazoea! Mtazoea we!"

Mbwa akaja mbio, mkia unapepea. Akafika, akakuta kisogo cha bwana wake. Bwana alikuwa anamtazama Nkwabi.

Mbwa akasubiri. Bwana akacheka peke yake, akaingia ndani. Mbwa akabaki na mkia wake.

Hata hivyo Mtazoea alilinda zizi. Alilinda kwa jua, alilinda kwa mvua. Fisi hakuthubutu kusogea.

Ehe, Fisi. Fisi wa zamani alitembea mchana kweupe, tena kiuno chake kilikuwa kimenyooka kama cha punda. Alijificha kichakani akimtazama mbuzi wa pembe moja, mate yanamtoka. Lakini alipomtazama mbwa, mate yalikauka. Akafikiri. Akaona kwamba meno hayatamtoa yule mbwa pale. Akaamua kumtoa kwa maneno.

Siku ya kwanza Fisi akaja karibu na zizi, akakaa mbali kidogo kwa heshima.

"Ndugu yangu," akamwambia, "bwana wako akikuita, uso wake unatazama wapi?"

Mbwa akasema hajawahi kuangalia. Fisi akamwambia aangalie. Asubuhi Lufunga akaita, mbwa akaangalia. Uso wa bwana ulikuwa kwa Nkwabi.

Siku ya pili Fisi akaja tena. Safari hii akauliza, "Akikupa ugali, anakupaje?"

Jioni mbwa akaangalia. Lufunga alikuwa akipiga soga na mkewe, akatupa tonge nyuma ya bega bila kugeuka. Tonge likaangukia majivuni.

Siku ya tatu Fisi akaja, akakaa karibu kabisa.

"Na mkono wake je? Umewahi kukugusa?"

Mbwa akafikiri, akafikiri sana. Akakumbuka kwamba alipokuwa mdogo bwana alimbeba ndani ya kikapu. Kikapu kilimgusa. Mkono, hapana.

Fisi akatikisa kichwa kwa huruma. Ah, Fisi na huruma! Akasema, "Twende kwangu. Mimi nitakuita nikikutazama." Kisha akamlamba mbwa kuanzia puani hadi mkiani. Mbwa akafurahi, akadhani anapendwa. Hakujua kwamba anaonjwa.

Wakaondoka pamoja.

Asubuhi Lufunga akasimama uani, akaelekeza kidevu. "Mtazoea!" Kimya. "Mtazoea we!" Kimya. Akageuka. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kugeuka, na nyuma yake hapakuwa na mbwa.

Kalunde akatoka akiwa na Kulwa mgongoni na Doto kifuani. Akamwonyesha mumewe nyayo za fisi zilizolizunguka zizi.

"Baba Kulwa, mlinzi hayupo na mgeni ameshafika," akasema. "Mbuzi huyu akienda, hawa nitawanyonyesha nini? Maneno yako?"

Lufunga akachukua fimbo, akaenda porini kumtafuta mbwa.

Akakutana na Kanga. Akamuuliza kama amemwona mbwa wake.

"Yukoje?" akauliza Kanga.

"Ana miguu minne na mkia."

"Basi nimemwona. Anatoa maziwa na ana pembe moja, maana huyo naye ana miguu minne na mkia. Ndugu yangu, masikio yake yakoje?"

Lufunga hakujua. Akaenda mbele.

Akakutana na Nungunungu. Nungunungu akamuuliza mbwa huyo hupenda kulala wapi, ili amtafutie mahali pa namna hiyo. Lufunga hakujua. Akaenda mbele.

Akakutana na Kobe. Kobe akamtazama taratibu, maana Kobe hata kutazama hutazama taratibu.

"Hupenda kukunwa wapi?" akauliza.

"Mbwa hukunwa?" akauliza Lufunga.

Kobe akarudisha kichwa ndani. Alikuwa amemaliza mazungumzo.

Msimcheke sana Lufunga. Mimi niliwahi kukaa nyumba moja na paka, nikamwita Baraka kwa muda mrefu sana, mpaka siku Baraka alipozaa jikoni.

Lufunga akarudi nyumbani mikono mitupu. Akakaa chini kando ya ua, kichwa amekishika. Ng'ambo ya pili ikasikika sauti.

"Baba Kulwa, leo hujanisema vya kutosha. Unaumwa?"

Alikuwa Nkwabi. Lufunga akakosa hata nguvu ya kuvimba. Akamweleza yote: mbwa ametoroka, Fisi yuko karibu, na watoto wanamtegemea yule mbuzi. Akakiri kwamba ameulizwa na Kobe swali dogo likamshinda.

Nkwabi akasogea karibu na ua. Kisha akasema, "Nyuma ya sikio la kushoto. Ana doa jeupe pale. Ukimkuna hapo, mguu wa nyuma unatikisika kama anapiga ngoma."

Lufunga akainua kichwa. "Wewe umejuaje?"

"Kuna tundu kwenye ua. Lile unalolisema wewe. Kila ukishamaliza kunitukana na kuingia ndani, mbwa wako alikuwa anapitisha kichwa hapo. Mimi namkuna, yeye anafumba macho. Nilikuwa nasema, angalau kwenye nyumba ile yupo mmoja anayekuja kuniomba radhi."

Lufunga akatazama lile tundu. Kando yake majani yalikuwa yamelala, yamelainika kwa kulaliwa. Akaona aibu, lakini aibu ya aina ile inayomfanya mtu asimame.

Akauliza basi amwiteje. Nkwabi akamwambia, "Chuchumaa. Urefu wako wote ule unamtisha. Mtazame yeye, usinitazame mimi. Na sauti hiyo ya kunikera iache hapa nyumbani. Kisha unyooshe mkono na usubiri. Usimkimbilie."

Akaongeza kwamba mbuzi atamlinda yeye. "Nitamlinda vizuri," akasema. "Tumboni mwake kuna majani yangu mengi."

Lufunga akaenda tena porini, akafuata nyayo mpaka karibu na mawe makubwa.

Huko kwenye mawe Mtazoea alikuwa amelala mbele ya pango la Fisi. Asubuhi ile Fisi alimwambia amlindie mifupa, kwa kuwa yeye anaenda kutembea kidogo, na akirudi watakula nyama ya mbuzi. Kwa kumwita alimwita "We!" tu. Tangu wafike hakumuuliza hata jina.

Mtazoea alikuwa na mioyo miwili. Mmoja ulimwambia mbuzi ni yule wa pembe moja, kimbia. Wa pili ukamuuliza, ukimbilie kwa nani? Kwa kisogo?

Hapo akasikia sauti.

"Mtazoea."

Ilikuwa sauti ya bwana wake, lakini ilikuwa laini. Mbwa akasimama. Akachungulia. Akamwona Lufunga amechuchumaa kwenye nyasi, mkono mbele, kiganja kimefunguka.

Mbwa akasogea, akasimama mbali. Halafu akafanya jambo lililomchoma Lufunga kuliko maneno yote ya Kobe. Aligeuka, akatazama nyuma yake, kumtafuta Nkwabi. Alidhani ndiye anayeitwa.

"Nkwabi hayupo," akasema Lufunga. "Nakuita wewe."

Mbwa akasogea hatua. Lufunga hakumkimbilia. Magoti yalimuuma, hakusimama. Nzi akatua puani mwake, hakumfukuza. Mbwa akasogea tena, akanusa vidole. Lufunga akapeleka mkono polepole nyuma ya sikio la kushoto, akalikuta doa jeupe, akalikuna.

Mguu wa nyuma ukaanza kupiga ngoma.

Mtazoea akafumba macho, akamwegemea bwana wake kwa uzito wake wote, mpaka Lufunga akaanguka chali. Wakabaki hapo nyasini kitambo, mtu na mbwa, mmoja akikuna na mwingine akikunwa, na sijui nani kati yao alikuwa na raha zaidi.

Kisha mbwa akafumbua macho. "Bwana," akasema, "Fisi yuko zizini."

Wakakimbia. Mbwa mbele, mtu nyuma.

Walipofika, Fisi alikuwa ameshaingiza kichwa na mabega katika mlango wa zizi. Nkwabi alikuwa ndani, bega amelisukumia kwenye mti wa mlango, miguu ameikaza, huku mbuzi wa pembe moja amesimama nyuma yake anatafuna, kama mtu anayetazama ngoma ya watu wengine. Nkwabi alipomwona mbwa akaita kwa nguvu zote, "Mtazoea!"

Nyinyi mnacheka. Kalunde naye, watoto mikononi, alicheka pale pale. Jina lililotafutwa kumuudhi Nkwabi, sasa Nkwabi analiita kwa nguvu kuliko mwenyewe.

Fisi akataka kutoka, akakwama. Akataka kuingia, Nkwabi akasukuma. Akavuta nyuma, akanasa kwenye miiba ya zizi. Akanung'unika akisema, "Ndugu yangu, si tulikubaliana? Nilikulamba mimi!"

"Ulinionja," akasema Mtazoea. Akamshika kiunoni, akauma.

Fisi akachomoka na miiba, kiuno kimelegea, nyuma kumeshuka, akakimbia akichechemea mpaka akapotea. Tangu siku hiyo kiuno cha fisi hakijanyooka. Na kwa kuwa anaona haya watu wamwone alivyoshuka nyuma, siku hizi husubiri giza ndipo atembee. Mkimsikia anacheka usiku, hana furaha. Anajifariji.

Jioni ile Kalunde akakamua mbuzi. Kulwa akashiba, Doto akashiba. Lufunga akapika ugali mkubwa, akamwita Nkwabi apitie tundu la ua, maana kuzunguka ni mbali. Nkwabi akaja na viazi. Lufunga akamega tonge, akageuka, akamtazama mbwa machoni, akampa kwa mkono. Mbwa akalipokea taratibu, asimguse hata kidole kwa jino.

Lufunga akasema sasa atambadilisha jina, ampe jina zuri lisilo na ugomvi. Mtazoea akalaza kidevu juu ya mguu wake.

"Liache," akasema. "Leo umeliita vizuri, na mimi nimelipenda."

Na lile tundu la ua halikuzibwa. Lilizidi kupanuka, kwa sababu watoto nao walipoanza kutambaa walilijua. Majani ya viazi yaliendelea kuliwa. Nkwabi akazoea.

Watoto wangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmekuja kuwachukua watoto, fundisho ni hili. Anayekulinda hashibi kwa makombo peke yake. Ukimwita, mtazame. Ukimpa, geuka umpe. Jua anapopenda kukunwa, upakune kabla hajatokea wa kumlamba kwa njaa yake. Mbwa haombi makubwa: uso wako na kiganja chako. Ukimpa hivyo, atakupa maisha yake yote, tena atadhani yeye ndiye aliyepata zaidi.

Hadithi yangu imefika mlangoni, naiacha hapo. Aliyeipenda aende nayo kwake. Asiyeipenda amfungulie mbwa wake anifukuze, mbio ninazo, na miti naijua.