Hodi Tatu za Kiangazi

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitika vizuri, wengine bado mnatafuna. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa ndiyo. Hapo zamani, zamani sana, kabla mwanadamu hajalijua jembe, aliishi Bi Muhanga, mnyama mwenye masikio marefu, pua ndefu na kucha za kuchimbia. Pori zima hakuna aliyechimba kama yeye.

Lakini mwaka uliopita alimpoteza mtoto. Masika yalimkuta kwenye kishimo cha hatua mbili, maji yakaingia, mtoto akafa. Alilia mpaka macho yakavimba.

Sasa alikuwa mja mzito tena, na kiangazi ndiyo kwanza kimeingia. Akapanda juu ya kichuguu, akasema kwa sauti ili ajisikie mwenyewe:

"Kiangazi hiki nachimba langu. Hatua saba kwenda chini, chumba mwishoni, na kizingiti cha kuzuia maji. Siku hizi ni zangu mimi."

Akaanza kuchimba, huku akiimba:

Kucha zangu, chimbeni,
masika yaja, chimbeni,
hili langu, chimbeni!

Moyo haukutulia. Anachimba, anachungulia mawingu. Anachimba, anashika tumbo. Alipomaliza hatua ya kwanza, akasikia nje: "Hodi!"

Sikilizeni hapa. Pori lile lilikuwa na desturi kama yetu: mgeni hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa huenda zake. Ila Bi Muhanga alikuwa na ugonjwa wake. Mdomo wake uliitika kabla kichwa hakijafikiri. Hodi moja tu, naye tayari: "Karibu!"

Alikuwa ni Ngiri.

"Dada Muhanga, namuoza binti yangu, na wageni hawana pa kulala. Nichimbie vishimo viwili tu. Kwako wewe hiyo si kazi."

Bi Muhanga akaenda. Vishimo viwili vikawa vitano, vitano vikawa tisa. Mwezi wa kwanza ukaisha.

Akarudi mbio, hata jasho hakufuta. Kucha zangu, chimbeni! Masika yaja, chimbeni! Akamaliza hatua ya pili.

"Hodi!"

"Karibu!" Mdomo huo! Mimi mwenyewe nikifika hapa natamani kuuziba.

Alikuwa ni Bibi Nungunungu, amejishika kiuno.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mgongo umeniisha, na viazi vyangu vinaharibika juani. Nichimbie ghala dogo."

Atamwambia nini bibi mzee? Akaenda. Ghala dogo likawa la vyumba vitatu, na kila chumba bibi akakikagua, akasema kipanuliwe. Mwezi wa pili ukaisha, na wa tatu nao ukaliwa mpaka zikabaki siku kumi tu masika yaingie.

Bi Muhanga akarudi kwake. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya mashariki. Mtoto anacheza tumboni, na shimo lina hatua mbili, zilezile mbili za mwaka jana! Akachimba bila kuimba, maana pumzi ya kuimbia hakuwa nayo.

"Hodi!"

Alikuwa ni Fisi. Bi Muhanga akausikia mdomo wake unafunguka. Haraka akainama, akachota udongo, akaujaza mdomoni. Udongo mkavu, mchungu. Ile "karibu" ikakwama kooni.

"Hodi! Najua umo ndani, naona udongo unaruka! Nataka shimo la kupumzikia tu!"

Machozi yakamtoka. Aliona aibu, aliona atasemwa pori zima. Akazidi kuuma udongo, na kucha zikaendelea.

"Hodiii!"

Kimya. Fisi akasubiri, akakohoa, akazunguka mara mbili. Hodi ya tatu ilikuwa imepita, na desturi ni desturi. Akaondoka akimtukana yeye na ukoo wake wote.

Kesho yake akaja Ngiri, keshokutwa Nungunungu. Kila mmoja akapiga hodi tatu, kila mmoja akajibiwa na kimya. Siku ya nane Bi Muhanga alitema udongo, maana mdomo ulikwisha kujifunza kunyamaza.

Siku ya kumi mvua ikaanguka kwa kishindo. Shimo lilikuwa na hatua tano. Saba hazikutimia, lakini chumba kilikuwepo na kizingiti kilikuwepo. Maji yakaja, yakagonga kizingiti, yakapita pembeni. Humo ndani, pakavu, Bi Muhanga akajifungua.

Jua lilipochomoza tena, majirani walimkuta ameketi nje.

"Siku hizi umebadilika," Fisi akamwambia. "Umekuwa na roho mbaya."

"Nimekuwa na mtoto," akajibu, akaendelea kumnyonyesha.

Basi, enyi mnaongoja likizo ya kiangazi, kumsaidia jirani si kosa, tena msaidieni. Kosa ni kumpa siku zako zote. Sema mapema unataka kufanya nini, kitengee siku zake, na uwe tayari kununiwa. Asiyejitengea muda wake atawachimbia wenzake, na mvua itamkuta nje.

Ngano yangu imechoka kutembea, inakaa hapa. Aliyeipenda aondoke nayo, na aliyeichukia aniachie, nitalala nayo mimi.