Mnana na Simu za Ndovu na Chui

Paukwa!
Pakawa!
Simu mmeziweka chini? Nawe mjomba kule nyuma? Haya.

Hapo zamani za kale, tena si kale sana maana wanyama walikwisha kuwa na simu, kiangazi kilikuwa kikali. Ndovu alitengeneza simu zake. Chui naye akatengeneza zake. Jambo ililolikubali simu ya Ndovu, simu ya Chui ililikataa. Kila mmoja alijisifu, kila mmoja akamcheka mwenzake.

Basi Mnana, yule ndege fundi wa kusuka viota, akasuka ukurasa wa simu. Ukiufungua unakuonyesha kisima gani kina maji. Aliusuka siku saba, akautia picha, akautia rangi. Akaufungua kwenye simu yake, simu ya Ndovu. Pwaa! Ukang'aa. Akajipiga kifua.

Kesho yake akaja Punda Milia, vumbi hadi masikioni, mwanawe nyuma anayumba kwa kiu. Simu yake ilikuwa ya Chui. Humo ukurasa wa Mnana ulifunguka ovyo, picha zimepandana, jina la kisima limekatwa ukingoni. Mama wa watu alikuwa amebahatisha njia, akafika kwenye kisima kikavu.

"Mbona kwangu unafunguka vizuri?" akasema Mnana.

"Kwako ni kwako, fundi," akasema Punda Milia. "Mwanangu ana kiu huku kwangu."

Mnana aliona haya. Akaruka, puru puru puru, hadi kwa Ndovu, akamsihi apatane na Chui. Ndovu akamwambia awaambie wote wanunue simu za Ndovu. Akaruka kwa Chui. Chui akasema yale yale, ila simu zilikuwa zake. Jamani, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nini?
Nyasi!
Naam, nyasi.

Mwingine angekaa akalaumu. Mnana je? Wanangu, nampenda ndege huyu. Kiota chake kikikataliwa na jike hukifumua, akaanza upya. Akafumua ukurasa wote, fyu, fyu, fyu, siku saba zote zikaanguka chini. Akaazima simu ya Kobe, kuukuu, kioo kina ufa. Akaanza na hiyo. Kwanza jina la kisima. Kisha njia. Picha zikasubiri. Akajaribu kwa Kobe, ukafunguka. Akajaribu kwa Punda Milia, ukafunguka. Akajaribu kwake mwenyewe, ukafunguka.

Punda Milia akasoma: Kisima cha Mawe Mekundu, maji yapo. Hata kuaga hakuaga. Wakaenda, wakaenda, wakafika. Mtoto akazamisha mdomo, gudu gudu gudu. Kushoto kwake alikuwa anakunywa Ndovu. Kulia kwake, Chui. Hawakusalimiana, lakini wote wawili walikuwa wameongozwa na ukurasa wa Mnana.

Fundi wa kweli huipima kazi yake mkononi mwa mnyonge, wala haoni tabu kuifumua.

Hadithi yangu imeishia hapo kisimani. Mwenye kiu akanywe.