Mjane Aliyekimbilia Zamu ya Maji

Mlimani aliishi mjane aitwaye Namkunda, mwenye shamba moja la maharage na mabinti wawili wadogo. Mfereji wa kijiji ulikuwa mmoja, na zamu ya kumwagilia ilipatikana kwa mbio. Kiangazi kilipoanza, kila nyumba ilitoa mkimbiaji mwenye fimbo, akapanda kutoka bondeni hadi kwenye chemchemi. Aliyetangulia kuchomeka fimbo, nyumba yake ilimwagilia kwanza, na wengine wakafuata kama walivyofika. Nyumba isiyo na mwanamume ilisubiri mwisho, na mwishoni lilibaki tope.

Basi maharage ya Namkunda yalikauka yakiwa bado maua, mwaka hadi mwaka. Ili wanawe wapate maji ya kunywa, yeye alipanda kwenye chemchemi ileile kila asubuhi na kushuka na ndoo kichwani. Wanaume waliikimbia njia ile mara moja kwa mwaka. Kwa kumnyima maji walimpa mazoezi, wala hawakujua.

Mwaka mmoja alifika mwanzo wa mbio, kanga ameikaza kiunoni, fimbo mkononi. Watu wakacheka. Wengine walimwonea huruma, wakasema kizazi kitamdondoka njiani. Sheria ya kumkataza mwanamke haikuwepo, maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mwanamke angetaka. Wenzake walipoondoka, naye akaondoka.

Mahali njia ilipokuwa nyembamba, mzee msimamizi wa mfereji alimwona akiwapita wanaume mmoja baada ya mwingine. Akatanua mikono, akaziba njia, akamwamuru arudi jikoni. Mjane hakumtukana. Alisema, "Baba, nionyeshe mwanamume wa kukimbia badala yangu, nami nitampa fimbo hii sasa hivi."

Mzee hakusogea. Namkunda akapita pembeni, katikati ya upupu, akatokea upande wa pili miguu ikimwasha vibaya, akaendelea kukimbia. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa tatu. Lakini fimbo aliichomeka mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kuing'oa. Jamani, mwanamke yule alikuwa na moyo!

Mwaka ule wanawe walikula maharage ya shambani kwao. Kiangazi kilichofuata wajane na mabinti walijaa mwanzo wa mbio, na maji ya mfereji hayakupungua hata kidogo.

Nawauliza basi, ndugu zangu: mzee yule alipoziba njia, alikuwa analinda maji ya kijiji, au zamu ya wale waliozoea kutangulia?